Kanga, Nguchiro na Fito za Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia vizuri. Wakubwa huko nyuma, mmeleta watoto au mmeleta usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimekaa. Na nyinyi kaeni.

Hapo kale, kale yenyewe ya zamani, palikuwa na bonde la wanyama. Bonde pana. Ukisimama huku huoni kule. Wanyama walikuwa wengi, na kila mmoja na kazi yake. Huyu anajua majani ya tumbo. Yule anajua chumvi iko jiwe gani. Mwingine anachimba viazi mwitu. Tabu ilikuwa moja tu: ukipatwa na shida, utamjuaje anayeiweza?

Basi wakawa na desturi yao. Ukihudumiwa na mtu ukaridhika, ukirudi nyumbani unakata ufito. Unaulaza mlangoni pako. Ncha yake unaielekeza kwa yule aliyekuhudumia. Maana yake, mimi wa mlango huu namwamini yule pale. Umeridhika na wawili, unalaza fito mbili. Hujaridhika na mtu, mlango wako unabaki mtupu, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Na juu ya mti mrefu kuliko yote alikaa Hondohondo. Mdomo mkubwa, sauti kubwa, kumbukumbu kubwa. Kila asubuhi aliruka, vuu, vuu, vuu, akapita juu ya milango yote akisoma fito. Akirudi mtini, wanyama wamejaa chini wanamngoja.

"Hondohondo, tumbo linanisokota! Niende kwa nani?"

"La tumbo! Kwanza Pofu, pili Kima, tatu Digidigi..."

Hapo muulizaji ameshageuka, anakimbia kwa Pofu. Wanyama ndivyo walivyo. Wa kwanza wanamsikia. Wa pili wanamsikia kwa sikio moja. Wa tatu bahati yake. Wa kumi hata mama yake hamsikii.

Sasa, chini ya kichuguu chekundu aliishi Kanga. Nasema Kanga ndege, mwenye madoadoa, mama wa vifaranga saba. Kazi yake ilikuwa kutoa kupe. Mnyama analala, Kanga anazunguka. Anatazama nyuma ya sikio. Anatazama kwapani. Akimwona kupe hamrukii. Anamshika karibu kabisa na ngozi, anavuta polepole, anavuta sawasawa, tuk! Kupe ametoka na kichwa chake. Maana kupe ukimvuta kwa pupa, mwili unatoka, kichwa kinabaki ndani. Na kichwa kikibaki ndani, pale pataoza.

Kanga hakudai kitu. Kupe wenyewe ndio chakula. Tuk, kwa mtoto huyu. Tuk, kwa mtoto yule. Kiangazi ardhi ya bonde ilikauka ikawa ngumu, hakuna mdudu wa kuparua. Vifaranga saba walikula kupe au hawakula kabisa. Na kama hawali, njia ilikuwa moja: kushuka mashambani kwa binadamu, kwenye mtama na kwenye matanzi. Dada yake Kanga alishuka mwaka juzi. Hajarudi mpaka leo ninapowasimulia.

Lakini Kanga hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na fito kumi na moja za kumwelekea, kutoka milango kumi na mmoja. Hondohondo akiulizwa habari za kupe, anasema, "Kwanza Kanga!" Na wateja wanakuja.

Ndipo wakaja Nguchiro.

Hawakuja wawili. Hawakuja watano. Wakaja arobaini, wanafuatana mstari mmoja, wanapiga kelele, chiri-chiri-chiri. Mkubwa wao alikuwa na mkia mnene na maneno mengi. Siku tatu walikaa wakitazama tu. Wakatazama milango. Wakatazama fito. Wakamtazama Hondohondo anavyopita. Siku ya nne wakaanza kuchimba. Kwa! Kwa! Kwa! Mashimo arobaini, milango arobaini. Kisha kila Nguchiro akakata fito thelathini na tisa, akazilaza mlangoni pake, moja moja, zikiwaelekea wenzake wote. Wewe waniamini mimi, mimi nakuamini wewe, sote tunaaminiana. Na wakati huo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumtoa mtu kupe.

Hesabuni wenyewe, watoto. Kila Nguchiro, fito thelathini na tisa. Kanga, fito kumi na moja.

Kesho yake Ngiri akaja mbio mtini. "Hondohondo, kupe wananimaliza!"

"La kupe! Kwanza Nguchiro wa mlango wa kwanza, pili Nguchiro wa mlango wa pili, tatu Nguchiro wa mlango wa tatu..."

Akaendelea hivyo hivyo, hakuruka hata mmoja, maana Hondohondo ni mwaminifu. Alipofika wa arobaini na moja akasema, "Kanga." Lakini hapo alikuwa akiuambia upepo. Ngiri alishafika kwa Nguchiro, ameshalala.

Vup! Vup! Vup! "Tayari! Inuka! Mwingine!"

Haraka kweli. Ngiri akaenda zake anafurahi. Siku ya tatu sikio likavimba. Siku ya tano likatoa usaha. Ngiri hakulaza ufito kwa ajili ya Nguchiro, bila shaka. Lakini Nguchiro walihitaji ufito wa Ngiri wa nini? Walikuwa na fito zao.

Kwenye kichuguu chekundu kukawa kimya. Siku ya kwanza mteja mmoja. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu hakuna.

"Mama, leo anakuja nani?"

"Atakuja mtu."

Hakuja mtu. Kifaranga wa mwisho akaanza kuburuza mabawa. Kanga akaogopa. Akaenda mpaka kwenye mti mrefu.

"Hodi, kaka Hondohondo."

"Karibu, dada. Unaumwa nini? La tumbo, kwanza Pofu."

"Siumwi tumbo. Nina njaa. Mbona umeniweka wa arobaini na moja?"

"Sikukuweka mimi. Fito ndizo zimekuweka."

"Umewahi kuwaona Nguchiro wakifanya kazi?"

"Sijawahi. Na wewe pia sijawahi kukuona. Dada yangu, wanyama ni elfu, mimi ni mmoja. Nikikaa kumtazama kila mtu anavyofanya kazi, nitamjibu nani, na lini? Mimi nasoma fito. Mwenye nyingi yuko mbele. Sipendelei mtu."

"Kwa hiyo nikiwa na fito arobaini?"

"Utakuwa wa kwanza."

Kanga akarudi kwa miguu, anawaza. Watoto, msinikodolee macho. Mama mwenye vifaranga saba wenye njaa anawaza mambo mengi, mengine mazuri, mengine siyo. Alfajiri akakata fito thelathini. Akatafuta mashimo yaliyohamwa. Shimo la Muhanga aliyekwenda zake, ta! Pango la Pimbi waliokufa na ukame, ta! Gogo alilokaa Kicheche zamani, ta! Kila mlango mtupu akaulazia ufito, na kila ufito ukaelekea kichuguu chekundu. Thelathini, na zile kumi na moja, arobaini na moja.

Hondohondo akapita, vuu, vuu, vuu. Akarudi. "La kupe! Kwanza Kanga!"

Siku hiyo walikuja Swala, Pundamilia na Nyumbu, ambao fito zao zilikuwa kati ya zile kumi na moja. Vifaranga wakala mpaka wakasinzia. Kanga akafurahi, lakini furaha yake haikukaa vizuri kifuani. Na kifaranga wa mwisho, yule aliyekuwa akiburuza mabawa, sasa ameshiba na maswali yamemrudia.

"Mama, kwenye pango la Pimbi anakaa nani?"

"Hakai mtu."

"Mbona kuna ufito wetu?"

Kanga akageukia manyoya ya mtoto, akaanza kuyachambua.

"Mama, kama hakai mtu, nani anakuamini?"

Kanga aliona aibu, tena aibu ya mbele ya mtoto wake mwenyewe, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Na hata hiyo aibu haikumfaa kitu. Mchana Nguchiro Mkubwa akapita, akatazama, akacheka chiri-chiri, akaenda zake bila neno. Jioni kukasikika: Kwa! Kwa! Kwa! Milango mipya ishirini. Sasa milango sitini, na kila mlango fito hamsini na tisa. Asubuhi Kanga akawa wa sitini na moja.

Kanga akakaa chini. Mashimo matupu yalikuwa yamekwisha bonde zima. Nguvu zilikuwa zimekwisha pia. Akawaita watoto.

"Siku tatu zikipita bila mteja, tunashuka mashambani. Mtakanyaga ninapokanyaga mimi, sawa?"

"Sawa, mama."

"Lakini kwanza nina kazi. Sitaki kuondoka nikaacha uongo kwenye milango ya watu."

Akaenda kuziondoa zile fito. Moja, mbili, tatu. Kumi. Ishirini. Ishirini na tisa. Ule wa thelathini ulikuwa kwenye shimo bovu, jirani na nyumba ya Nungunungu.

Nungunungu huyu nawaambieni habari zake. Ndiye aliyekuwa akichimba viazi mwitu wakati wa njaa. Alichimba vyake, na vya wasio na kucha akawaachia juu ya ardhi, wajiokotee. Kwa hiyo bonde zima lilikuwa na fito za kumwelekea. Tembo alimlazia ufito. Twiga alimlazia. Pofu, Digidigi, Ngiri, wote. Lakini mlango wake mwenyewe ulikuwa mtupu. Hakuwahi kumlazia mtu ufito tangu azaliwe. Mzee yule hasifii. Mvua ikinyesha, anasema imechelewa.

Kanga akainama, akauokota ule ufito.

"Unaiba ufito wa nani?" Sauti ilitoka shimoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza, wa nani?"

"Wangu mwenyewe, mzee. Niliulaza hapa wa uongo. Nimekuja kuuondoa."

Nungunungu akatoka. Akamtazama Kanga juu mpaka chini. "Wa uongo umelaza ngapi?"

"Thelathini. Huu ndio wa mwisho."

"Wenzako wanaongeza, wewe unapunguza. Kwa nini?"

"Naona aibu, mzee."

Nungunungu akageuka, akainua miiba yake, cha-cha-cha. Ngozi ya chini ilikuwa imevimba, nyekundu.

"Nilimwuliza Hondohondo, akanituma kwa wa kwanza. Wa kwanza akanivuta mara tatu, vup, vup, vup, akachomwa na mwiba, akanifukuza. Vichwa vimebaki humu. Na kupe wengine wako hai mgongoni, hakuna aliyethubutu kuwafikia."

"Lala chini, mzee."

"Miiba itakuchoma."

"Najua. Lala."

Kanga akafanya kazi siku mbili. Akachomwa shingoni. Akachomwa kifuani. Akachomwa karibu na jicho. Akaingia kati ya mwiba na mwiba, polepole, sawasawa, tuk! Akatoa kimoja kimoja vile vichwa vilivyobaki. Kupe wazima akawapelekea watoto. Siku ya pili jua likishuka akasimama.

"Umemaliza?" akauliza Nungunungu.

"Nimemaliza."

"Basi nenda."

Ahsante? Hakuna. Kanga akaenda. Hakuomba ufito, na wala hakutegemea. Aliona tu kwamba wale kupe wa Nungunungu walikuwa wamempa siku mbili za kuishi, na siku mbili zimekwisha.

Sasa haya yanayofuata Kanga hakuyaona. Aliyasikia baadaye, nami nawapa kama alivyoyasikia.

Kule mtini kwa Hondohondo, wanyama walikuwa wamepungua. Ngiri haji. Swala haji. Siku moja Tembo akaja, sikio limevimba, linanuka. Hakuuliza aende kwa nani. Alisimama tu chini ya mti, akautikisa.

"Ulinituma kwa wa kwanza," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza?"

Akaondoka. Hondohondo akabaki ameshika tawi. Sauti kubwa ya nini, kama hakuna wa kuisikia? Asubuhi akajiambia, leo sihesabu. Leo nafuata.

Akatua mlangoni kwa Tembo. Pale palikuwa na fito mbili. Akachagua mmoja, akaufuata kule unakoelekea. Vuu, vuu, vuu. Ukamfikisha kwa Nungunungu. Na pale akaona ajabu. Mlango mtupu haukuwa mtupu tena. Ufito mmoja, umenyooka, umechongwa ncha. Akaufuata. Vuu, vuu, vuu. Kichuguu chekundu, na mlangoni pale hapakuwa na ufito wa kumpeleka mbele!

Kanga alikuwa anawachambua watoto manyoya. "Karibu, kaka. Una kupe?"

"Sina. Nimeletwa na ufito." Akaruka.

Akaanza tena kwa Twiga. Ufito wa Twiga ukampeleka kwa Pofu. Wa Pofu ukampeleka kwa Nungunungu. Wa Nungunungu ukampeleka kichuguu chekundu.

"Wewe tena!" akasema Hondohondo.

"Mimi nipo hapa hapa, kaka. Wewe ndiye unayerudi."

Akaanza tena kwa Tumbili. Lo! Mlangoni kwa Tumbili palikuwa na tita zima la fito. Tumbili anamsifu kila mtu, hata waliomnyima. Mmoja wa Nguchiro alikuwa amempa ndizi, akamlazia ufito naye. Hondohondo akafumba macho, akaokota mmoja. Huyo kwa Digidigi. Kutoka Digidigi kwa Nungunungu. Kutoka Nungunungu...

"Wewe tena!"

Kufika alasiri alikuwa ametua kwenye kichuguu chekundu mara saba. Kwa Nguchiro hajatua hata mara moja. Milango sitini, fito zaidi ya elfu tatu, na hakuna njia iliyomfikisha huko! Akashangaa. Akaenda kwa makusudi, akaanzia mlangoni kwa Nguchiro. Ufito wa huyu ukampeleka kwa yule. Wa yule ukamrudisha kwa huyu. Huyu kwa yule, yule kwa huyu, huyu kwa yule, mpaka kizunguzungu kikamshika akaanguka chini, puu! Alikuwa amezunguka mle mle ndani, hajatoka.

Akalala chali, anapumua. "Ee, mimi mjinga," akasema. "Siku zote nilikuwa nahesabu fito ni ngapi. Sikuuliza zimetoka mlango wa nani. Na huyo mwenye mlango, nani anamwamini?"

Asubuhi iliyofuata zilitimia siku tatu tangu Kanga atoke kwa Nungunungu, na hakuna mteja aliyekuja. Kanga akawapanga watoto mstari. Wakashuka. Kanga mbele, vifaranga saba nyuma, mguu juu ya alama ya mguu. Harufu ya mtama ikaanza kuwafikia. Kanga akaona tanzi la kwanza, limefichwa kwenye majani. Akaona la pili. Akawazungusha watoto kando. 

Mara nyuma yao, pu-pu-pu-pu! Ngiri huyo, sikio limevimba, mkia umesimama.

"Kanga! Unakwenda wapi?"

"Kutafuta chakula cha watoto."

"Rudi! Hondohondo anakutangaza tangu alfajiri. Kwanza Kanga, pili Kanga, tatu Kanga! Kichuguu chako kimejaa watu na mwenyewe hupo! Tembo amekaa mbele, na Tembo hajui kungoja!"

Kanga akageuka. Sijui kama alicheka au alilia. Walioona walisema ni vyote viwili.

Akafanya kazi siku nne bila kupumzika. Tuk! Tuk! Tuk! Vichwa vikatoka, masikio yakanywea, vifaranga wakanenepa mpaka wakawa wanapishana kwa shida.

Nguchiro Mkubwa akapanda juu ya jiwe chini ya mti, mkia umefura.

"Hondohondo! Siku ulipoanza kumtangaza, Kanga alikuwa na fito kumi na mbili. Kila mmoja wetu ana hamsini na tisa. Huko ndiko kutopendelea?"

"Sikatai hesabu yako," akajibu Hondohondo. "Nenda ukaanzie mlango wowote usio wenu. Fuata fito. Ukifika kwenu, nitakutangaza wa kwanza mwaka mzima."

"Umesema!"

"Nimesema."

Nguchiro Mkubwa akaenda mbio. Akaanza kwa Tembo, akatokea kichuguu chekundu. Akarudi akaanza kwa Twiga, akatokea kichuguu chekundu. Akaanza kwa Tumbili, akachagua kwa hila, akatafuta ule ufito wa ndizi. Lakini tita lilikuwa kubwa, fito zimelaliana, akauvuta uliokuwa jirani. Akatokea kichuguu chekundu. Ulimi nje. Akakaa kitako anajikuna nyuma ya sikio, kwaru-kwaru-kwaru.

Kanga akamwangalia. "Lala chini."

"Sikuja kwa hilo."

"Najua. Lala, sikio linakuvimba."

Nguchiro Mkubwa akatazama huku na huku. Hakuwepo wa kwao. Akalala. Kanga akamshika kupe karibu na ngozi, akavuta polepole, akavuta sawasawa, tuk! Akamweka chini mbele yake, mzima, na kichwa chake.

Nguchiro akamtazama yule kupe muda mrefu.

"Unawezaje kumtoa na kichwa?"

"Polepole," akasema Kanga. "Ni hivyo tu."

Nguchiro Mkubwa akaondoka bila kuaga. Siku iliyofuata Hondohondo akapita juu ya ile milango sitini, vuu, vuu, vuu. Mlango wa kwanza, ule wa Nguchiro Mkubwa, akausoma mara moja, hakuamini, akageuka akausoma tena. Zile fito hamsini na tisa hazikuwepo. Palikuwa na ufito mmoja tu, nao ulielekea kichuguu chekundu.

Basi funzo ni hili, wakubwa na wadogo. Jina halikuzwi na wingi wa wanaokutaja, hasa kama mmepatana kutajana. Linakuzwa na yule anayeaminiwa na wengine, akikutaja bila wewe kumwomba. Na huyo hatakutaja mpaka kazi yako imfikie mwilini.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayetaka kuibeba, aibebe nzima, na kichwa chake.